Msomaji Akuamini kwa Lipi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuaminika kwa Mwandishi

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na waandishi wanaoanza, na mengine na watu waliokwisha kuandika miaka mingi lakini wanahisi wasomaji wao wanasoma huku wamekunja uso. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu tukikaa pamoja. Utaona wazo moja likijirudia: msomaji haombwi imani, anapewa njia ya kukukagua. Mimi sijui njia nyingine inayodumu.

Kuaminika kwa mwandishi ni kitu gani hasa? Ni jina, ni elimu au ni kipaji?

Swali hili ni la kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alipochambua sanaa ya kushawishi alisema msemaji huaminiwa kwa mambo matatu: ana busara katika jambo analolizungumzia, ana tabia njema, na anawatakia mema wanaomsikiliza. Likipungua moja, mambo yanaharibika. Mwenye busara asiyekutakia mema anaweza kuujua ukweli akakunyima. Anayekutakia mema bila busara atakupoteza njia, tena kwa nia safi kabisa.

Lakini kuna jambo jingine alilolisema ambalo waandishi wengi hawalisikii. Alisisitiza kwamba imani hiyo itokane na hotuba yenyewe, si na sifa alizokuwa nazo msemaji kabla hajafungua kinywa. Kwa asiye na jina hiyo ni habari njema, na kwa mwenye jina ni onyo. Jina litamfanya msomaji afungue ukurasa wa kwanza. Kuanzia hapo kila sentensi inajitetea yenyewe.

Sina shahada wala jina. Kwa nini mtu aniamini?

Mwambie umesimama wapi. Jambo hujulikana kwa kulisomea, kwa kulifanya, au kwa kwenda kuwauliza wanaolijua. Kila njia ina heshima yake, mradi usiichanganye na nyingine.

Chukua mama aliyemlea mtoto mwenye pumu kwa miaka tisa. Anajua mambo ambayo daktari hayaoni kliniki: sauti ya kifua kinapoanza kubana saa nane za usiku, jinsi mtoto anavyokaa ameinama mbele na mikono juu ya magoti ili apate hewa, na kwamba mtu akianza kuhangaika na kupiga kelele chumbani, mtoto naye anazidi kuhangaika. Akiandika, "Nimemlea mtoto mwenye pumu kwa miaka tisa na haya ndiyo niliyoyaona," anaaminika papo hapo. Akianza kueleza dawa gani inafanya nini ndani ya mapafu, bila kusema amelipata wapi, ameacha kiti chake akakalia cha mwingine. Msomaji anauhisi uhamaji huo hata kama hawezi kuutaja.

Undani unathibitisha zaidi kuliko cheti. Mtu aliyeziba pancha nyingi za baiskeli atakuambia upitishe kidole polepole ndani ya tairi kabla hujaingiza tyubu mpya, maana mwiba uliotoboa ile ya kwanza huenda bado umo. Aliyesoma juujuu atakuambia "hakikisha tairi ni safi." Sentensi ya kwanza ina mkono wa mtu ndani yake. Kwa hiyo usihangaike kutafuta cheo. Tafuta yale unayoyajua kwa mkono wako, uyaandike kwa ukaribu huo, na ukivuka mpaka useme umevuka.

Wenye shahada nao wasijione salama. Daktari bingwa wa mifupa akiandika kuhusu uchumi ni msomaji wa magazeti kama wengine.

Je, ni lazima nitaje vyanzo vyangu? Wasomaji si huvichoka?

Wanachoka na vyanzo vilivyorundikwa, hawachoki kujua umelijuaje jambo. Tazama sentensi hii:

"Wataalamu wanasema kusoma kwenye mwanga hafifu kunaharibu macho."

Imekaa vizuri, ina wataalamu ndani yake, na wengi tumeisikia tangu utotoni. Sasa iulize: wataalamu gani? Walisema lini, wapi? Ukifuatilia hadi kwa madaktari wa macho wenyewe, utawakuta wakisema kinyume: mwanga hafifu huchosha macho, huweza hata kuleta maumivu ya kichwa, lakini hauyadhuru kwa kudumu. Neno "wataalamu" lilikuwa pazia, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Mwandishi hakudanganya kwa makusudi. Alirithi kauli, akaivisha kanzu.

Dawa yake ni kuurudisha mnyororo. Makala uliyoisoma imetoa wapi? Na hiyo nyingine? Fuata hadi ufike kwa aliyepima, aliyeona au aliyekuwepo. Mara nyingi utakuta takwimu ilibadilika njiani, au ilihusu watu wachache wa mahali pamoja na sasa inasemwa juu ya dunia nzima.

Kisha tumia kitenzi cha kweli. Kuna "niliona", kuna "niliambiwa na aliyeona", kuna "nilisoma", na kuna "nadhani". Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alilijua hili miaka karibu 2,500 iliyopita. Aliandika kwamba wajibu wake ni kusimulia yanayosemwa, lakini halazimiki kuyaamini yote, na akataka neno hilo lishikwe kwa kazi yake yote. Ana mambo mengi ambayo hayakusimama, ila kwa sababu mara nyingi alitenganisha alichokiona na alichosimuliwa, tunaweza kumsoma leo na kupima wenyewe.

Nikisema "sina uhakika", si nitaonekana dhaifu?

Hofu hii imewaponza waandishi wengi wazuri. Msomaji hadharau shaka iliyopimwa. Anachodharau ni ukungu.

Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lilikuwa "uwezekano mzito". Mmoja wa viongozi wao, Sherman Kent, aliulizwa maana yake ni nini. Yeye mwenyewe alikuwa na picha ya kama 65 kwa 35 kwamba shambulio litatokea. Alipowauliza wenzake, watu waliokaa meza moja na kukubaliana maneno yaleyale, mmoja alimaanisha 80 kwa 20 na mwingine 20 kwa 80. Walikuwa wamekubaliana sentensi bila kukubaliana maana. Kent aliyaeleza hayo katika makala yake ya 1964, akipendekeza kila neno la makadirio lifungwe kwenye kiwango cha namba.

Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii: labda, pengine, huenda, yamkini. Ni mazuri, lakini usidhani msomaji anayapanga ngazi moja na wewe. Ukiandika "huenda mvua zikachelewa," endelea mbele: huenda kwa sababu gani, na nini kitakufanya ubadili mawazo? Sababu ya shaka ndiyo inayompa msomaji kitu cha kushika.

Na sasa niseme neno kuhusu "inasemekana". Naliona kila siku na linanisikitisha. Ni kitenzi kisicho na mtenda, nyumba isiyo na mlango: huwezi kujua nani kasema, huwezi kwenda kumuuliza, na mwandishi akibanwa anasema hakudai yeye. Kama kuna aliyesema, mtaje, au eleza kwa nini huwezi kumtaja. Ukimkosa kabisa, basi huna habari bado. Ndugu zake ni "inaaminika", "imebainika" na "yadaiwa". Hilo la mwisho lina kazi yake halali katika habari za mahakama, lakini hata huko lazima ijulikane nani anadai.

Nimekosea, na makala imeshasomwa. Nirekebishe kimyakimya?

Hapana. Hili nililijifunza kwa kuumia.

Niliandika kuhusu kiwango kilichokuwa asilimia 10 kikafika asilimia 15. Nikasema kimepanda "kwa asilimia 5". Msomaji mmoja akanitumia mstari mmoja: kutoka 10 hadi 15 ni ongezeko la asilimia 50, au ni pointi 5 za asilimia, chagua. Alikuwa sahihi. Niliona aibu, nikabadilisha sentensi usiku uleule bila kumwambia mtu. Siku mbili baadaye msomaji mwingine akanitumia picha mbili, ya kabla na ya baada, na swali moja chini yake: "Kuna kingine ulichobadilisha bila kutuambia?"

Sikuwa nimebadilisha kingine. Lakini sikuwa na njia ya kumthibitishia, na hapo ndipo nilipoelewa. Kosa la hesabu lilikuwa limenipunguzia imani kidogo tu. Kulifunika kuliitia shaka kila sentensi nyingine niliyowahi kuandika. Tangu hapo masahihisho nayaweka juu kabisa: nilisema nini, sahihi ni ipi, nimerekebisha tarehe gani. Yule wa kwanza nilimshukuru wazi, kwa kuwa alikuwa amenifanyia kazi ya mhariri bila malipo.

Wapo waliolifanya hili kuwa utaratibu. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliteua mhariri wa wasomaji, yaani anayeshughulikia malalamiko yao, mwaka 1997, na safu yake ya masahihisho ikawa inatoka mara kwa mara mahali panapojulikana. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, kwa miaka mingi alimwandikia hundi ya dola 2.56 kila aliyekuwa wa kwanza kumwonyesha kosa katika vitabu vyake. Wengi hawakuzipeleka benki, walizitia kwenye fremu. Fikiria maana yake: mwandishi anakulipa umkosoe. Baada ya hapo ni rahisi kuamini yale ambayo hakuna aliyeyapata na kosa.

Jambo dogo: usiandike "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Hilo ni tangazo la umeme kukatika. Sema kosa kwa jina lake.

Je, niweke hoja zinazonipinga? Si ni kumpa adui silaha?

Msomaji makini tayari anazo. Ukizinyamazia anajiuliza kama huzijui au umezificha, na majibu yote mawili ni mabaya kwako.

Charles Darwin alikuwa na kanuni aliyoieleza katika kumbukumbu za maisha yake: kila alipokutana na jambo au wazo lililopingana na matokeo yake, aliliandika papo hapo, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo husahaulika upesi kuliko yale yanayokuunga mkono. Alipochapisha nadharia yake ya mageuzi mwaka 1859, alitenga sura nzima kueleza ugumu wake, likiwemo swali la jinsi kiungo kama jicho kinavyoweza kutokea hatua kwa hatua. Alisema kwamba hoja nyingi zilizoletwa dhidi yake alikuwa ameziona na kujaribu kuzijibu mapema.

Ila ipo namna mbaya ya kulifanya hili. Mwandishi anamjenga mpinzani wa majani, anamvalisha hoja dhaifu, kisha anampiga mweleka mbele ya watu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu wa upande wa pili akisoma maelezo yangu ya msimamo wake, atasema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini"? Akisema hivyo, nimepata haki ya kumpinga.

Lugha nzito haimpi mwandishi uzito?

Mara nyingi humpunguzia. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alichapisha majaribio ambamo watu walisoma matini zilezile, nyingine kwa maneno mepesi na nyingine kwa maneno marefu yasiyohitajika. Waliosoma zile nzito walimwona mwandishi hana akili sana.

Kwetu ugonjwa huu una dalili zake. "Kwa mantiki hiyo", "sambamba na hilo", "katika muktadha mzima wa", "suala zima la". Ondoa "suala zima la elimu" uweke "elimu", na uone kama kuna kilichopotea. Istilahi ya fani ni jambo tofauti. Ikihitajika itumie, uieleze mara moja kwa maneno ya kawaida, kisha endelea nayo bila kuyumba. Ukiita kitu jina moja aya hii na jina jingine aya ijayo, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Ninasimulia kisa cha kweli. Kuna ubaya gani kutia chumvi kidogo ili kinoge?

Kama umesema ni kisa cha kweli, chumvi hiyo ni sumu. Nitalijibu hili kwa urefu kwa sababu ndipo wenye vipaji wanapoangukia.

Mwaka 1981 mwandishi wa gazeti la Washington Post, Janet Cooke, alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari ya mtoto wa miaka minane aliyekuwa mtumiaji wa heroini. Habari ilikuwa imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Mtoto hakuwepo. Kilichofungua mlango si mtoto yule, ni maelezo ya maisha ya mwandishi mwenyewe: baada ya tuzo kutangazwa, shahada alizodai kuwa nazo hazikulingana na kumbukumbu za vyuo. Wahariri wakaanza kumhoji, akakiri, na tuzo ikarudishwa.

Desemba 2018 jarida la Der Spiegel la Ujerumani lilitangaza kwamba mwandishi wake mwenye tuzo nyingi, Claas Relotius, alikuwa amebuni watu, maneno na matukio katika habari kadhaa. Jarida hilo lilikuwa na idara kubwa ya uhakiki, yenye makumi ya watu, na bado alipita. Aliyemgundua ni mwenzake, Juan Moreno, waliyeandika naye habari ya mpaka wa Marekani na Mexico. Moreno aliona mambo yasiyokaa sawa, akasema, hakuaminiwa, akaenda mwenyewe kuwatafuta watu waliotajwa. Wakati huohuo wakazi wawili wa Fergus Falls, mji mdogo wa Minnesota ambao Relotius alikuwa ameuandikia habari mwaka 2017, walikuwa wameandaa wenyewe orodha ya uongo wake. Kwa mfano, aliandika kwamba meneja wa mji alikuwa hajawahi kuiona bahari. Wao wanamjua mtu huyo, na picha yake akiwa baharini ipo.

Hebu tulia hapo kwenye picha ya bahari. Hakukuwa na haja ya uongo ule. Habari isingepungua kitu. Aliuweka kwa sababu ulinogesha, na kwa sababu hakudhani kwamba watu wa mji mdogo wangesoma yaliyoandikwa juu yao kwa lugha ya mbali. Hili ndilo ninalotaka kila mwandishi alibebe: unapoandika juu ya mtu, mwandikie kama vile atasoma, ameketi jirani yako, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari.

Je, kubuni ni dhambi? Hapana. Hadithi ni kazi ya heshima. Kinachovunja imani ni kubadilisha mkataba katikati ya safari. Ukiunganisha watu watatu kuwa mmoja ili kuwalinda, sema mwanzoni. Ukibadili majina, sema. Ukiyakumbuka mazungumzo ya miaka 20 iliyopita, sema unasimulia kama unavyokumbuka. Sentensi moja inatosha, na haiharibu utamu.

Naweza kunyoosha maneno ya mtu ninapomnukuu?

Ndani ya alama za kunukuu weka aliyoyasema. Ukitaka kunyoosha, ondoa alama na ueleze kwa maneno yako. Na kama alizungumza kwa lugha nyingine, mjulishe msomaji kwamba tafsiri ni yako. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalisahau sana hili: tunamsemesha mtu Kiswahili fasaha ambacho hakukitamka kamwe.

Nimelipwa, au nina ndugu katika jambo ninaloliandikia. Nikisema si nitajiharibia?

Ukisema wewe, ni taarifa. Akisema mwingine, ni kashfa.

Mwaka 1998 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield na wenzake uliohusu watoto 12, na uliozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo. Wasomaji hawakuwa wameambiwa. Mambo mengine mazito yalifuata kuhusu jinsi utafiti wenyewe ulivyofanywa. Mwaka 2010 jarida liliufuta, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikuona uhusiano huo, lakini hofu ilishaingia majumbani na haijatoka yote hadi leo.

Kuhusu mahali pa kulitaja: mwanzoni, kabla msomaji hajaanza kukubaliana nawe. Maslahi yaliyotajwa kwenye mstari wa mwisho kwa herufi ndogo yanasomwa kama jambo lililofichwa likabanwa likatoka.

Natumia jina la kalamu. Je, linaondoa imani?

Si lazima. Mwaka 1908 makala ya takwimu ilichapishwa chini ya jina "Student", yaani Mwanafunzi. Mwandishi alikuwa William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambaye mwajiri wake hakutaka ajulikane. Kipimo kilichotokana na makala ile bado kinafundishwa dunia nzima. Kiliaminiwa kwa sababu yeyote mwenye kalamu na karatasi angeweza kuikagua hesabu. Lakini ushuhuda ni jambo jingine. Ukisema "nilikuwepo, niliona," na hakuna njia ya kukagua, basi jina lako ndilo dhamana, na ukilificha inakupasa ueleze kwa nini.

Akili mnemba inanisaidia kuandika. Nifanyeje nisipoteze imani ya wasomaji?

Kila jina, namba na nukuu inayokupa, ichukulie kama uvumi mpaka uione kwenye chanzo chake. Mwaka 2023 mawakili jijini New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja kesi zilizotungwa na ChatGPT. Zilikuwa na majina, namba na maneno ya majaji, na hazikuwahi kuwepo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Mashine ilikuwa imeandika kwa sauti ya uhakika, na sauti ya uhakika ndiyo iliyowalaza. Anayeweka jina lake juu ya maandishi ndiye anayeyajibia, haidhuru yamepikwa wapi.

Inachukua muda gani mpaka wasomaji waniamini? Na wananikumbuka kweli?

Muda siwezi kukutajia. Kuhusu kukumbukwa, lipo jambo ambalo kwangu ni la kutia hofu.

Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma makala zilezile, wengine wakiambiwa zimetoka kwa chanzo cha kuaminika na wengine kwa chanzo kisichoaminika. Mada mojawapo ilikuwa nyambizi za nyuklia: kwa baadhi yao mwandishi alitajwa kuwa mwanafizikia Robert Oppenheimer, kwa wengine gazeti la Pravda la Umoja wa Kisovieti. Mara tu baada ya kusoma, chanzo cha kuaminika kilibadilisha mawazo ya watu wengi zaidi. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa imetoweka. Hoja ilibaki kichwani, aliyeisema akajitenga nayo.

Maana yake ni kwamba msomaji wako ataondoka na ulichosema hata baada ya kusahau kwamba ulikisema wewe. Atamsimulia mwenzake kama jambo analolijua. Kosa lako litaendelea kuishi kwenye vinywa vya watu ambao hutawaona kamwe, mbali na masahihisho yako. Ndiyo maana ninakagua kabla ya kuchapa, hata pale ninapojua hakuna atakayenishika.

Nianzie wapi?

Chukua makala yako ya mwisho, uichape kwenye karatasi. Kwa kalamu, piga mstari chini ya kila jina, kila namba, kila tarehe, kila nukuu na kila dai ambalo mtu anaweza kuonyesha kuwa si kweli. Pembeni ya kila mstari andika umelipata wapi: ukurasa gani, mtu gani, siku gani. Usiandike "nakumbuka". Utakuta mistari mitatu au minne ambayo pembeni yake pamebaki peupe. Anza na hiyo: itafutie chanzo, au ifute.